Mbizi ya kwanza Mnemba: kazi yote ni pumzi

Watu wa kwetu wakinipigia simu kuuliza habari za kuzamia, swali la kwanza huwa papa, la pili bei, na la tatu, kwa sauti ya chini, ni kama asiyejua kuogelea anaweza. Nianze na hayo ili tuingie kazini. Papa Mnemba ni nadra. Ukimwona mmoja hesabu una bahati, maana nyavu zimekutangulia. Bei, ulizia ya mkaazi wala usione haya, vituo vingi vinayo ila haibandikwi ukutani. Na kuogelea: kwa mbizi ya majaribio, ile ambayo mwalimu hakuachi mkono na hamvuki mita 12, inatosha usiwe mtu wa kuhangaika maji yakikufika shingoni. Ukitaka cheti cha kuzama hadi mita 18, hapo utaogelea mita 200 bila kusimama na kuelea dakika 10. Umri ni kuanzia miaka 10.

Mimi ni mtoto wa Matemwe, kaskazini mashariki ya Unguja, na kazi yangu ni kuongoza watu chini ya maji. Kisiwa cha Mnemba tunakiona kutoka ufukweni kwetu. Chenyewe ni hoteli ya binafsi, hushuki pale. Lakini mwamba unaokizunguka ni eneo la hifadhi ya bahari tangu 2002, na huko ndiko tunakozama. Kuna ada ya hifadhi. Lipa na uombe risiti.

Chagua siku kwa mwezi, siyo kwa likizo

Mgeni hana hiari, ana wiki yake moja tu. Wewe unayo. Basi tazama mwezi mwandamo. Kuanzia mwezi mosi hadi tatu, na tena kumi na tano hadi kumi na saba, ni bamvua: maji yanatoka mbali na kurudi kwa nguvu, na mkondo wa Kichwani, upande wenye mteremko mkali, unaweza kukupeleka usikopanga kwenda. Mzoefu anaufurahia. Wewe wa mara ya kwanza ngoja maji mafu, kama mwezi nane hadi kumi au ishirini na mbili hadi ishirini na nne. Tena bamvua letu hutoa maji kama saa nne asubuhi, wakati uleule boti zinapotaka kuondoka, na hapo utatembea kwa miguu katikati ya mashamba ya mwani mpaka boti ilipoelea. Vaa viatu. Wale wadudu weusi wa miiba mirefu hawaulizi wewe ni mwenyeji au mgeni.

Kwa upande wa upepo, Oktoba na Novemba, kusi ikishalegea na kaskazi haijashika, ndiyo miezi ninayoipenda. Februari na mwanzo wa Machi pia bahari ina joto, nyuzi 28 au 29, kabla masika haijachafua maji. Agosti inashuka hadi kama 25 na boti inarukaruka, lakini miezi hiyo nyangumi wanapita, na ukiwa chini ukatulia unaweza kuwasikia wakiimba wakiwa mbali usikoweza kuwaona. Kama nia yako ni papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote, funga safari ya Mafia, kati ya Oktoba na Februari, na kule hutahitaji mtungi wa hewa. Maski na snokeli, ule mrija wa kupumulia, zinatosha.

Nani asizame

Mjamzito asizame. Mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au selimundu aende kwa daktari kwanza, asiamuliwe na muuza safari wa ufukweni. Mwenye mafua angoje, na wala asimeze dawa ya kuzibua pua ili apite: dawa ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa inanaswa ndani ya masikio na kupanda kunakuwa mateso. Na Ramadhani, mwenye swaumu, subiri Idi. Mwili uliokauka maji uko karibu zaidi na maradhi ya kuzamia, yale yanayoletwa na nitrojeni ya hewa kubaki mwilini.

Asubuhi ya safari kula, lakini chepesi: ndizi, mkate, chai isiyo nzito. Kama bahari inakutapisha, meza kidonge saa moja kabla, kwa sababu ukishaanza kutapika hakishuki tena.

Vifaa, na maswali ya kuuliza

Kabla ya kulipa, uliza mwalimu mmoja anachukua watu wangapi. Kwa mara ya kwanza, zaidi ya wanne kwa mmoja ni wengi. Mimi nikipewa wawili nafurahi. Uliza kama boti ina mtungi wa oksijeni, kisha uombe uoneshwe. Kituo kizuri hakichukii swali hilo, na kinachochukia umeshakijua.

Ukishavalishwa, weka reguleta, kile kifaa cha kupumulia, mdomoni ungali juu ya boti, uvute pumzi nne tano za nguvu huku unaangalia geji inayopima hewa ya mtungi. Mtungi uliojaa unasoma kama bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo). Mshale ukicheza kila unapovuta, bomba la mtungi halikufunguliwa vizuri. Hewa ikinuka mafuta au moshi, rudisha mtungi, usione aibu hata kama watu kumi wanakusubiri. Jaribu na reguleta ya akiba pia. Halafu jua mahali risasi zako, zile za uzito wa kukuzamisha, zilipo kiunoni na jinsi ya kuziachia.

Akina dada wenzangu: wetisuti, lile vazi la mpira la kuzamia, inavaliwa juu ya vazi la kuogelea la kusitiri bila tatizo, na kuna kofia ya mpira ileile ya wetisuti inayofunika nywele na shingo. Tatizo ni ushungi wa kitambaa. Ukingo wa maski lazima ukae kwenye ngozi tupu pande zote. Uzi mmoja ukipita chini yake, maji yanaingia mbizi nzima. Akina kaka wenye masharubu mna shida hiyohiyo: pakeni mafuta mazito ya mgando juu ya mdomo wa juu. Maski isipate ukungu, itemee mate ndani, sugua, suuza. Mimi sijaona dawa ya dukani iliyoyashinda mate.

Chini ya maji

Watu wanadhani kazi ngumu ni miguu. Miguu haina kazi kubwa. Anayepiga teke sana ndiye anayemaliza hewa mapema, ndiye anayetimua mchanga, na ndiye asiyeona kitu, kwa sababu samaki wote wameshamkimbia. Pumua polepole kama mtu aliyelala: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, usikatishe. Moyo ukianza kwenda mbio, simama popote ulipo, mtazame mwalimu machoni, urefushe pumzi ya kutoa. Ya kutoa, nasisitiza. Wengi wanaojihisi hawapati hewa wamejaa hewa kifuani hawajaitoa.

Na usizuie pumzi kamwe. Sababu ni hesabu nyepesi. Juu ya maji hewa inatukandamiza kwa bar 1. Kila mita 10 unazoshuka inaongezeka bar moja: mita 10 ni bar 2, mita 20 ni bar 3. Pumzi uliyoivuta ukiwa mita 10, ukipanda nayo umeziba mdomo, ikifika juu inataka nafasi mara mbili, na mapafu hayana nafasi hiyo. Mita chache za mwisho ndizo za hatari kuliko zote, ingawa ndizo mtu anazozidharau. Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini mtungi unakwisha haraka ukienda chini: kila pumzi ya mita 10 inabeba hewa ya pumzi mbili za juu.

Masikio yanafuata. Bana pua, puliza taratibu mpaka usikie yanafunguka, na anza kabla hujashuka hata mita moja. Rudia kila mita, usingoje maumivu. Moja likigoma, panda kidogo, inamisha kichwa upande wa pili, jaribu tena. Usilazimishe. Nikiona mtu anashika sikio, kundi zima linamngoja. Mwamba hauendi popote. Maski ikianza kukubana uso, toa hewa kidogo kwa pua. Ikiingia maji, bonyeza ukingo wa juu kwenye paji la uso, tazama juu kidogo, toa pumzi kwa pua, maji yatatokea chini. Zoezi hili lifanye kwenye maji ya kiunoni mpaka likuchoshe.

Ishara moja inatutatiza sisi hasa. Dole gumba juu, ufukweni ni "poa". Chini ya maji maana yake "napanda juu", na mwalimu atakupandisha kweli, mbizi imeisha. Mambo yakiwa mazuri unganisha kidole gumba na cha shahada viwe duara. Kama kuna kitu hakiko sawa, tikisa kiganja kilichofunguliwa, kisha onesha penye shida.

Ukishatulia utagundua kwamba pumzi ndiyo usukani. Ukivuta unapanda kidogo, ukitoa unashuka, ila huchelewa kidogo, kwa hiyo vuta kabla jiwe halijakufikia. Mikono ifunge kifuani. Usiguse kitu, na hilo silisemi kwa ustaarabu tu. Matumbawe ni wanyama, maelfu kwa maelfu wadogo waliojenga nyumba moja. Yale ya mviringo mengine yanakua kama sentimita moja kwa mwaka, na pezi lako la mguuni linaweza kuvunja ya miaka mingi kwa teke moja. Tena yameshaumia: joto la 1998 liliyafanya meupe na kuyaua mengi katika Bahari ya Hindi, na limerudi miaka mingine. Wala usiokote konokono mwenye ganda lenye umbo la pia, hata akiwa mzuri namna gani. Baadhi yao wana mwiba wenye sumu ya kuua mtu.

Kwa mara ya kwanza omba mpelekwe Wattabomi, upande wa kina kidogo. Hapo kasa wapo, na kasa ni mtihani mzuri wa pumzi yako: ukimfuata anaondoka, ukitulia pembeni anaendelea kula. Usimpitie juu ya kichwa, maana lazima apande kuvuta hewa na wewe utakuwa umemzibia njia. Mkunga utamkuta shimoni anafungua na kufunga mdomo, watu wanadhani anatisha. Anapumua tu, kama wewe. Pono utamsikia kabla hujamwona, anatafuna mwamba kwa mdomo wake mgumu, halafu anautoa nyuma ukiwa mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe unaopigia picha imepita tumboni mwake.

Pweza je? Bibi yangu alikuwa akichokoa pweza kwenye mwamba maji yakitoka, na alinifundisha kutotafuta pweza, nitafute taka zake. Tundu lenye makombe matupu na maganda ya kaa mlangoni, na vijiwe vilivyopangwa visivyofanana na vya jirani, ndani mna mwenyewe. Chini ya maji ni vilevile. Kaa mita mbili kutoka hapo, chini kidogo ya usawa wa tundu, upumue taratibu mno. Kwanza litatoka jicho, limeinuka juu ya kichwa, na mstari wake mweusi umelala mlalo, haupepesi. Ngozi itakuwa na rangi na vipele vya jiwe. Usipotikisika, mkono mmoja utatoka na kupapasa mchanga, na rangi itaanza kufifia kuwa ya maziwa na kurudi kahawia. Ukitoa mapovu kwa kishindo, anarudi ndani na kuvuta jiwe mlangoni. Basi, hutomwona tena.

Kupanda, na baada yake

Geji ikisoma 100 mwambie mwalimu. Ikisoma 50 unatakiwa uwe umeshafika karibu na juu. Panda polepole, usizidi mita 9 kwa dakika, pumua muda wote, na kwenye mita 5 simameni dakika 3. Nitrojeni iliyoingia mwilini inahitaji muda huo kutoka. Kwenye pwani yetu wapo wazamiaji wa jongoo bahari waliopanda mbio wakiwa na haraka ya soko, na leo wanatembea kwa fimbo. Ukihisi baadaye maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, sema siku hiyohiyo, vuta oksijeni, usilale nayo ukitumaini itaisha.

Kunywa maji au madafu, usikimbie na usibebe mizigo mizito jioni. Ndege subiri muda wa saa 12 baada ya mbizi moja, saa 18 kama umezama zaidi ya mara moja au siku mfululizo, na hesabu hiyo inahusu pia zile ndege ndogo za kwenda Dar. Meli haina neno, ipande jioni hiyohiyo. Ila watu wa bara husahau jambo moja: Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya iko juu zaidi. Ukishuka melini ukadandia basi la usiku, ni kama umepanda ndege. Lala Dar kwanza.