Kijana na gazeti: namna ya kuijibu habari, si mada

Nimekuwa nikisimamia vijana wanaoandika maoni yao juu ya habari za gazeti la eneo lao, na majuzi mwalimu mwenzangu ameniomba nimwandikie utaratibu ninaoufuata. Nimeuandika nikizungumza na kijana mwenyewe. Msimamizi naye ataokota yanayomhusu.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja: unaijibu habari, huijibu mada. Habari inasema maktaba itaanza kufungwa mapema. Mada ni "umuhimu wa elimu". Juu ya umuhimu wa elimu kila mtu ameshasema, na wewe utarudia yale yale. Juu ya aya ya sita ya ile habari, huenda hakuna mwenye la kusema isipokuwa wewe.

Hatua ya 1: Chagua habari

Anzia kurasa za ndani. Ukurasa wa mbele umejaa wakubwa na kauli zao, na kijana akiusoma huishia kuhutubia. Tazama habari imetoka kwa nani: ukiona Reuters, AFP au AP, hiyo imeletwa na shirika la habari na imesomwa na dunia nzima, haiwezi kuwa ya mtaani kwenu hata ikiwa tamu. Tahariri na safu za maoni ziache pia, maana kujibu maoni ya mtu ni zoezi jingine. Jihadhari na tangazo lililopangwa kama habari. Kwa kawaida pembeni kuna maandishi madogo yanayosema limelipiwa.

Habari ya aya nane hivi inatosha.

Hatua ya 2: Isome mpaka mwisho, kwenye karatasi

Najua simu iko mkononi. Iweke mbali. Kama gazeti liko mtandaoni tu, ichapishe habari, au uinakili yote kwa mkono kwenye daftari. Tumia penseli. Zile kalamu za rangi inayong'aa sizipendi kabisa: mpe kijana moja, baada ya dakika tano ukurasa mzima ni wa njano na hajachagua kitu.

Kwa nini mpaka mwisho? Kwa sababu habari nyingi za magazeti hupangwa kwa mtindo wa piramidi iliyogeuzwa: mazito juu, mepesi chini. Mhariri akipungukiwa na nafasi anakata kuanzia mkiani na habari inabaki hai. Lakini huko mkiani ndiko anakokaa jirani aliyehojiwa, ndiko ilikotupwa takwimu ndogo isiyoelezwa. Wasomaji wengi hawafiki huko, na wewe ndiko unakotafuta.

Kichwa cha habari usikitegemee, wala usimgombeze mwandishi kwa ajili yake. Mara nyingi kinawekwa na mhariri aliye mezani, naye anabanwa na upana wa safu.

Hatua ya 3: Tafuta sentensi moja

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo vijana wengi wanapokwama nusu siku nzima, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Baada ya kusoma, pigia mstari sentensi moja tu iliyokusimamisha. Si lazima iwe imekuhuzunisha. Huenda imekukera, imekuchekesha, au umeirudia mara ya pili kwa sababu haikukaa sawa. Moja. Ukipiga mstari nne, futa tatu.

Nitoe mfano wa hiyo maktaba. Habari ilisema maktaba ya eneo itafungwa saa kumi na moja jioni badala ya saa moja usiku. Binti mmoja wa kidato cha pili akaniletea ukurasa mzima unaoanza hivi: "Elimu ni ufunguo wa maisha. Mimi kama kijana wa leo napenda kuchukua fursa hii kuziomba mamlaka husika ziliangalie suala hili kwa jicho la tatu." Nikamuuliza ni sentensi ipi ya gazeti iliyomsimamisha. Kimya. Nikamrudishia gazeti na penseli, nikaenda kushughulika na wengine.

Baadaye akaja: "Mwalimu, ni hii." Alikuwa amepiga mstari aya ya sita: "Msemaji alisema wasomaji wa jioni ni wachache."

"Kwa nini hiyo?"

"Kwa sababu hao wachache ni sisi. Mimi na mdogo wangu."

Hapo nikamwambia aketi aandike hayo hayo aliyoniambia. Akaandika: "Mimi ni mmoja wa wasomaji wachache wa jioni. Shule yetu inatutoa saa kumi na nusu. Kutoka shuleni hadi maktaba ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kwa saa mpya nitafika wakati mlango unafungwa." Sentensi nne. Hakuna jicho la tatu, hakuna wadau, na mtu yeyote aliyepanga zile saa akisoma hapo lazima akune kichwa. Isitoshe, alikuwa amegundua kitu ambacho gazeti halikukisema: wale wasomaji walihesabiwa lini? Wakati wa masomo au wakati wa likizo? Alitaka kuandika kwamba walihesabiwa likizo. Nikamkataza, kwa sababu hakuwa na ushahidi. Aliweza kuuliza tu, naye akauliza.

Sasa tahadhari zake, maana hatua hii ina mitego mingi.

Sentensi ikiwa ni kichwa cha habari au aya ya kwanza, kwangu haipiti. Inaonyesha umeishia hapo. Rudi chini.

Ikiwa hakuna sentensi iliyokusimamisha hata baada ya kusoma mara ya pili, badilisha habari. Usijilazimishe kuguswa. Maandishi ya mtu anayejifanya kuguswa yanajulikana kuanzia mstari wa kwanza.

Wakati mwingine kinachomsimamisha mtu hakimo. Habari ya uwanja wa michezo imehoji watu watano na hakuna hata mmoja anayeutumia uwanja huo. Sawa, hilo nalo ni la kujibu, lakini bado piga mstari mahali ambapo sauti hiyo ilitakiwa iwepo. Bila mstari utaelea.

Mkifanya kikundi, kila mtu apige mstari wake kabla ya mazungumzo kuanza. Msemaji hodari akitangulia kusema, wote wataipigia mstari sentensi yake. Watu wawili wakichagua sentensi moja bila kuambiana, hapana shida, waachwe. Sababu zao hazitafanana.

Programu za akili mnemba sizitaki katika hatua hii. Si kwamba zinaandika vibaya. Zinaandika vizuri mno juu ya mada, nasi tunaikimbia mada. Hazijawahi kutembea ile nusu saa kutoka shuleni.

Na msimamizi, kuwa na macho. Kuna kijana atakayechagua sentensi kwa sababu habari inamhusu yeye au watu wa nyumbani kwake: ajali, kesi, kufukuzwa kwenye nyumba. Mwache aandike akitaka, ila usimsukume asome mbele ya wenzake, na wazo la kuchapisha lisitoke kwako.

Hatua ya 4: Tenga mambo matatu

Gawa karatasi safu tatu kwa rula. Ya kwanza: gazeti limesema nini. Ya pili: mimi najua nini, na nimejuaje. Ya tatu: nahisi au nafikiri nini. C. P. Scott, mhariri wa Manchester Guardian, aliandika mwaka 1921 kwamba maoni ni huru lakini ukweli wa mambo ni mtakatifu. Safu ya tatu ni uhuru wako wote. Mbili za mwanzo hazina mchezo.

Yanayokwenda mahali pasipo pake ni yale ya "watu wanasema". Hayo si ya safu ya pili, kwa sababu hujui, umesikia. Ama uulize mpaka ujue, ama uyaache. Nukuu nayo inakiliwe herufi kwa herufi, na utaje nani aliisema. Gazeti likiandika "Msemaji alisema wasomaji ni wachache", gazeti halijadai kwamba ni wachache. Limedai kwamba msemaji amesema hivyo. Kijana akiandika "gazeti limetudanganya" wakati aliyesema ni msemaji, barua nzima inaporomoka.

Hatua ya 5: Wafikirie watu waliomo ndani ya habari

Katika habari za mbali unaweza kumtaja mtu na asijue milele. Katika habari za eneo lenu, mtu huyo anapita mbele ya mlango wako.

Usiongeze jina ambalo gazeti halikulitaja, hata kama mtaa mzima unalijua. Gazeti likiandika "mtoto wa miaka tisa" bila jina, kuna sababu: magazeti mengi huficha majina ya watoto na ya waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, na katika nchi nyingi sheria ndiyo inayowataka wafiche. Na si jina tu. Ukiandika "yule anayekaa nyumba ya kona, mama yake fundi cherehani", umeshamtaja.

Mtu aliyekamatwa ni mtuhumiwa. Akifikishwa mahakamani akasomewa mashtaka, ni mshtakiwa. Mwizi, muuaji, tapeli: maneno hayo yangoje hukumu. Najua jinsi hasira inavyovuta kalamu, lakini andika "anatuhumiwa" na hasira yako itasomeka vile vile.

Hatua ya 6: Andika

Anza na sentensi uliyoipigia mstari, au na jambo lako linaloigusa. Endelea. Maneno mia mbili au mia tatu yanatosha. Marufuku kwangu: "mimi kama kijana", "napenda kuchukua fursa hii", "jamii kwa ujumla", "wadau". Ukimaliza, soma kwa sauti. Pale ulipoona aibu kusoma, kata.

Swali ninaloulizwa kila mara: je, lazima kuwe na pendekezo mwishoni? Hapana. Binti wa maktaba hakupendekeza chochote, alimalizia na swali lake la lini walihesabiwa. Ukiwa na pendekezo lililotokana na unachokijua, liweke. Ukiwa huna, acha.

Hatua ya 7: Peleka, ukitaka

Si kila andiko ni la kupelekwa gazetini. Mengine yanatosha kubaki daftarini au kusomwa na kikundi.

Ukiamua kupeleka kama barua kwa mhariri, punguza. Angalia kwenye ukurasa wa barua wanataka urefu gani, na uufuate, kwa sababu usipokata wewe watakata wao. Katika mstari wa kwanza taja habari unayoijibu kwa kichwa chake na tarehe ya toleo. Peleka mapema, ndani ya siku chache. Mhariri hana haja na barua inayojibu habari iliyosahaulika. Usipeleke barua hiyo hiyo kwa magazeti mawili kwa mpigo. Chini weka jina lako kamili na namba ya simu. Magazeti mengi huyataka hayo ili kuhakikisha kwamba barua ni yako, na kwa kawaida namba haichapishwi. Kama hujafikia utu uzima, mzazi au mlezi ajue kabla hujapeleka. Ukitaka jina lisichapishwe, omba wazi, ueleze sababu, wanaweza kukataa.

Kama ulichogundua ni kosa la gazeti, tarehe si sahihi au jina limekosewa, usiandike barua ya maoni. Omba masahihisho, kwa aya moja: toleo la tarehe gani, ukurasa gani, kilichoandikwa ni nini, kilicho sahihi ni nini, nawe umekijuaje. Magazeti mengine yana mtu maalumu wa kupokea malalamiko ya wasomaji. Courier-Journal la Louisville, Marekani, lilimweka wake mwaka 1967, na The Guardian la Uingereza likafuata mwaka 1997. Gazeti dogo huenda halina cheo hicho, basi mwandikie mhariri mwenyewe.

Barua ikitoka, ilinganishe na nakala yako. Kufupishwa ni jambo la kawaida, usinune. Maana ikigeuzwa, hapo una haki ya kuandika tena, kwa njia ile ile ya masahihisho, ukiambatanisha nakala uliyopeleka.