Kuandaa kitabu cha kumbukumbu za mwanamuziki kwa msaada wa watu wa kujitolea

Kumbukumbu za mpiga muziki wa dansi mkongwe huwa hazianzi kama mswada. Huanza na saa kumi na tano za sauti kwenye simu, bahasha ya kaki iliyojaa picha na santuri tatu zilizopinda kwa jua. Anayezitunza ni mjukuu wa Kaloleni, Arusha, au binti wa Majengo, Moshi, na waliojitolea kumsaidia ni vijana sita ambao wana Jumamosi tu. Inatosha kabisa. Kinachoivuruga kazi si uvivu, ni watu sita kusahihisha mafaili sita tofauti ya sura ileile.

Kabla ya yote nunueni daftari la kaunta la kwaya (quire) mbili. Pigeni mistari: jina lilivyotamkwa, tahajia mliyokubaliana, bendi na chombo, mwaka, aliyethibitisha. Mpiga besi mmoja ataitwa Saidi sura ya pili, Saidy sura ya tano na kwa jina la utani sura ya nane, na msomaji atadhani ni watu watatu. Nyimbo nazo zipewe kurasa zake: jina la kibao, mtunzi, mwimbaji, mpiga solo, mahali kiliporekodiwa.

Kwa nyimbo, santuri ni shahidi mzuri kuliko kumbukumbu, ila isomwe vizuri. Kwenye lebo, ile karatasi ya katikati, chini ya jina la wimbo, kwa herufi ndogo, huwa kuna jina la mtunzi. Pembeni kuna namba ya santuri. Kisha ilazeni chini ya tochi ya simu, mwanga uje kwa ubavu, muone namba zilizochorwa kwenye duara tupu linalozunguka lebo. Lebo ikiwa imechanika, namba hizo ndizo zitakazowasaidia kuitambua santuri. Lakini lebo si msahafu. Nyingine ziliandikwa jina la kiongozi wa bendi wakati wimbo ni wa kijana aliyekaa nyuma na gitaa la rithim. Mzee akipinga, andikeni yote mawili daftarini, mtafute shahidi wa pili.

Miaka ndiyo inayosumbua. Ukimuuliza mzee "ilikuwa mwaka gani?" atabahatisha kwa heshima yako. Muulize kwa matukio: Azimio la Arusha (Februari 1967) lilikuwa limeshatangazwa? Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa? Ulifungwa Februari 1977 ukafunguliwa tena 1983, na bendi ya Moshi haiwezi kusahau kama Taveta ilikuwa inafikika au la. Vita vya Kagera, 1978 na 1979, na kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, Aprili 1984, navyo vinasaidia. Tuseme mzee anadai aliwaona bendi ya Simba Wanyika hapa Arusha mwishoni mwa miaka ya sitini. Waanzilishi wake, ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga, walifika Arusha 1970, wakapiga kama Arusha Jazz, na jina la Simba Wanyika likaja walipovuka kwenda Kenya 1971. Msibadilishe kimyakimya. Mrudieni mzee, mumsomee, arekebishe mwenyewe.

Kurekodi kuna siri chache. Simu iwekwe hali ya ndege, ilazwe juu ya kitenge kilichokunjwa. Mezani moja kwa moja, kila kikombe cha chai kitasikika kama drams. Mvua ikianza kupiga bati, simamisheni. Msizidishe saa moja na nusu kwa siku. Gitaa liwe karibu hata kama lina nyuzi nne, maana kuna mambo mzee huyakumbuka kwa vidole.

Saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuandikwa. Kateni vipande vya dakika ishirini: saa kumi na tano zinatoa vipande 45, na waandishi watatu wakimaliza viwili viwili kwa wiki, mtamaliza katika wiki ya nane. Pasiposikika, andikeni [haisikiki 12:40] mwendelee. Kukisia ni marufuku, hasa majina na maneno ya Kichaga.

Sasa uhariri, na hapa ndipo vitabu vingi hufa. Mzee kasema, "Tulipiga mpaka majogoo." Kijana aliyetoka chuo juzi anaandika, "Tulitumbuiza hadi alfajiri." Sentensi ni safi, ila mzee hayumo. Ondoeni marudio, pangeni matukio, basi. Awepo mshika mswada mmoja. Wengine waandike maoni kwa kalamu kwenye nakala iliyochapwa, yeye ndiye aingize. Faili liitwe sura04_toleo3, kamwe lisiitwe "ya mwisho kabisa".

Picha ziskaniwe kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), na maandishi ya nyuma yaskaniwe pia. Iliyogandia kwenye albamu msiibandue, ipigeni picha ilipo. WhatsApp huminya picha, kwa hiyo itumeni kama dokumenti. Picha ya upana wa sentimita 11 kitabuni inahitaji pikseli 1,300 hivi.

Mkitaka kunukuu beti za wimbo wa mtu mwingine, ombeni ruhusa ya maandishi ya mwenye haki, au warithi wake: sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kueleza wimbo unasema nini kwa maneno yenu hakuhitaji ruhusa. Habari za fedha zilizoliwa na bendi, au mke wa mtu, zikikosa shahidi wa pili zikatwe, hata kama ndizo tamu.

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kwa kiwanda cha uchapaji: ukubwa wa A5, karatasi gramu 80, jalada gramu 250 hadi 300, ziada ya milimita 3 ya kukatwa kila upande wa jalada, na kurasa zinazogawanyika kwa 16. Kurasa 160 ni karatasi 80, mgongo kama milimita 8; mchora jalada asichore mgongo kabla idadi ya kurasa haijatulia. Agizeni nakala moja ya majaribio. Mmoja amsomee mzee kwa sauti, mwingine akae pembeni na lile daftari, akiweka tiki kwenye kila jina linapotajwa.