Krenki za ajabu kwenye triathloni: zipime hivi kabla hujatoa hela

Wadau wa triathloni (kuogelea, baiskeli, kukimbia), krenki, yani mikono inayobeba pedeli, za maumbo ya ajabu zinazidi kupigiwa debe, za mkono uliopinda, za sproketi ya mbele yenye umbo la yai, za kila mguu kujitegemea, na kila moja inakuja na ahadi ya wati za bure. Mi kazi yangu ni kufunga baiskeli na kupima waendeshaji, na inaniuma sana nikiona mtu anajiandaa na zile kilomita 90 za baiskeli kwenye mashindano ya triathloni ya Ironman 70.3 pale Rubavu, Rwanda, alafu hela ya tairi nzuri anaimalizia kwenye chuma kilichokunjwa. Kwahiyo fuata hizi hatua, anza na ya kwanza maana inaokoa hela nyingi kuliko zote.

Hatua ya 1: Chukua rula
Pima mstari ulionyooka toka katikati ya ekseli ya krenki mpaka katikati ya ekseli ya pedeli. Huo ndo urefu wa krenki, basi. Ukisoma 170 mm hiyo ni krenki ya 170 hata kama mkono umekunjwa kama herufi L, kwa sababu mguu unasukuma pedeli, hausukumi umbo la mkono, na pedeli inazunguka duara lile lile. Kampuni ya PMP ya Italia waliuza krenki za umbo la L miaka ya 1980 na leo huzioni barabarani. Ukiambiwa mkono wa kupinda unaongeza nguvu, funga mfuko wa hela hapo hapo, hatua zinazofuata hazikuhusu.

Hatua ya 2: Kama ahadi ni urefu, piga hesabu
Wati 200 kwa mizunguko 90 kwa dakika ni kama nyutoni mita 21 kwenye ekseli. Kwa krenki ya 170 wastani wa nguvu inayogeuza ni kama nyutoni 125, kwa ya 165 ni kama 129, yani unasukuma zaidi kidogo lakini mguu unasafiri 1,037 mm kila mzunguko badala ya 1,068, kazi inabaki ile ile. Watafiti Martin na Spirduso mwaka 2001 walijaribu krenki za kuanzia 120 mm hadi 220 mm, na nguvu ya juu kabisa kati ya urefu bora na mbaya ilipishana kama asilimia 4 tu.

Sasa hapa nakubali krenki fupi, ila kwa sababu nyingine. Ukiwa umelala kwenye aerobari, zile pau za mbele za kuegemeza viwiko, goti linapanda karibu na tumbo, nyonga inabanwa, na bado una kukimbia mbele yako. Punguza 5 mm, pandisha kiti 5 mm, na pedeli pale juu inashuka 10 mm ukilinganisha na kiti, goti nalo linashuka. Hiyo utaihisi.

Hatua ya 3: Uliza ushahidi ulipatikanaje
Mfano PowerCranks, ambazo kila mguu lazima ujivute wenyewe kurudi juu. Watafiti Luttrell na Potteiger mwaka 2003 waliwafanyisha watu mazoezi nazo kwa wiki 6 na wakaona ufanisi umepanda, lakini walikuwa waendesha baiskeli 12 tu kwa jumla, na tafiti zilizofuata hazikuona faida ile. Korff na wenzake mwaka 2007 wakakuta ukilazimisha kuvuta pedeli juu ufanisi unashuka. Kama chombo cha mazoezi sina ugomvi nazo, ila kwa siku ya mashindano siwezi kumfungia mtu.

Hatua ya 4: Sproketi ya yai? Iangalie kwanza pawa mita yako
Hii ndo inadanganya watu wengi. Pawa mita, yani vipimo vya wati, nyingi za kwenye krenki zinakadiria kwamba mguu unazunguka kwa kasi moja ndani ya mzunguko mzima, na sproketi ya yai inabadilisha kasi hiyo, kwahiyo namba inaweza kupanda kwa asilimia kadhaa bila wewe kuongeza chochote. Mtu anaona wati mpya anafurahi, kumbe spidi ni ile ile. Na kumbuka sproketi za Biopace za Shimano za 1983 zilikuwa nyepesi kusukuma pale mguu unaposukuma chini, wakati za Osymetric alizotumia Mwingereza Bradley Wiggins kushinda Tour de France ya 2012 ni nzito kusukuma pale pale, kinyume kabisa, na pande zote mbili ziliahidi faida.

Hatua ya 5: Jaribu barabarani, siku moja
Tafuta kipande cha kwenda na kurudi ili upepo usikudanganye sana. Nguo zile zile, presha ya tairi ile ile, mkao ule ule. Endesha na krenki ya kawaida, badilisha, endesha na mpya, kisha rudia zote mbili kwa mpangilio huo huo, maana ukifanya mara moja tu utakuwa unapima uchovu na upepo. Shikilia mapigo ya moyo yale yale, kisha linganisha muda na wati kwa kipimo kilichopo kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, sio kwenye krenki. Tofauti kati ya krenki mbili ikiwa ndogo kuliko tofauti ya krenki moja na yenyewe, hapo hujapata kitu.

Hatua ya 6: Shuka ukimbie
Siku nyingine, baada ya miguu kuzoea mkao mpya kwa wiki kadhaa, endesha kwa wati za mashindano kisha kimbia moja kwa moja kwa pesi yako ya kawaida, uangalie mapigo ya moyo. Fanya hivi ukiwa bado ndani ya muda wa kurudisha bidhaa, na risiti usiitupe.