Jinsi ya kucheza Diplomacy na washkaji mtandaoni bila gemu kufia njiani

Diplomacy ni gemu ya ramani, Ulaya ya mwaka 1901, watu saba kila mmoja na nchi yake: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria, Urusi na Uturuki. Hakuna dadu, hakuna karata, kinachoamua ni nani umeongea nae na nani amekudanganya. Mezani inakula siku nzima, mtandaoni inaenda miezi miwili hivi na ndo raha yake, unapanga fitina zako taratibu huku kazi na shule vinaendelea.

Pa kuchezea pako, webDiplomacy ni bure na inafunguka kwenye kivinjari cha simu, bando la kuungaunga linatosha kwasababu ni ramani na maandishi tu. Mmoja wenu afungue gemu, aweke neno la siri la mwaliko wasije wakaingia watu msiowajua, alafu awarushie wengine linki. Kama hamfiki saba msilazimishe kuwaburuza watu wasiotaka, kuna ramani ya Mediterania ya kale ya watu watano, ina Misri na Karthago ndani, tamu sana.

Sasa muda wa zamu, na hapa ndo gemu za washkaji zinapofia. Kila mwaka wa gemu una zamu mbili za kusogeza vikosi, machipuko na vuli, alafu kuna zamu ya kujenga au kupunguza mwisho wa mwaka, na katikati zinachomoza za kurudi nyuma kwa waliofurushwa. Piga hesabu, mkifika 1910 mmeshapita zamu thelathini na kitu, kwahiyo mkiweka masaa 24 kila zamu ni mwezi na ushee, mkiweka siku mbili ni miezi miwili na zaidi. Mimi nasema wekeni siku mbili. Masaa 24 yanaonekana poa wiki ya kwanza wote mkiwa na moto, wiki ya tatu mmoja ana msiba, mwingine yuko shifti ya usiku, mwingine yuko kijijini mtandao unakuja ukipanda kilimani, zamu inapita hajatuma oda, yaani maagizo ya kila kikosi kifanye nini, vikosi vyake vinasimama tu na jirani anajibebea vituo, zile sehemu za ramani zinazohesabiwa kwenye ushindi, kama anaokota maembe. Na hilo haliishii kwa huyo mmoja, jirani aliyeokota vya bure ndo anakuja kuwameza na nyie wengine. Mkiwa na mtu Muscat na mwingine Toronto pangeni zamu iishe jioni ya Dar, huko Toronto itakuwa mchana na Muscat bado hawajalala. Mtu akiwa na safari aseme mapema, kuna kura ya kusimamisha gemu, wote mkikubali inapozi.

Oda zenu andikeni mapema na mzihifadhi hata kama bado mnajadiliana, utabadilisha baadae. Ila kile kitufe cha kusema uko tayari usikiguse mpaka umalize maongezi, wote mkikibonyeza zamu inaruka hapohapo haisubiri saa.

Sheria zenyewe unazielewa jioni moja. Ramani ina vituo 34, ukishika 18 umeshinda peke yako, na idadi ya vikosi unavyoruhusiwa ni sawa na vituo ulivyonavyo. Kikosi ni jeshi la nchi kavu au meli, na vyote vina nguvu moja, ndo maana huwezi kumng'oa mtu bila sapoti, yaani kikosi kingine kikuongezee nguvu badala ya chenyewe kusogea. Mfano wewe ni Ufaransa, una jeshi Paris na lingine Marseilles, unaitaka Burgundy na Mjerumani nae anaitaka toka Munich. Ukienda na Paris peke yake ni nguvu moja kwa nguvu moja, mnagongana kila mtu anabaki kwake. Marseilles ikisapoti Paris kuingia Burgundy ni mbili kwa moja, unaingia. Lakini kama Mwitaliano ameshasogea Piedmont na zamu hiyo akaigonga Marseilles, sapoti yako inakatika, hata kama hajafanikiwa kuingia, na mnarudi palepale pa kugongana. Ukiielewa hiyo moja umeelewa nusu ya gemu, na utaona kwanini Ufaransa lazima aongee na Italia kuhusu kipande ambacho Italia wala hakitaki.

Kuongea basi. Zamu ya kwanza andikia wote sita, sio majirani tu, na usiandike “mambo, tuwe marafiki”, huo ujumbe kila mtu ameshaupata mara tano. Andika kitu chenye sehemu na oda ndani yake. Wewe ni Uturuki unamwandikia Urusi: “Kaka Bahari Nyeusi tuigongee wote machipuko, meli yako ya Sevastopol na yangu ya Ankara, hapati mtu, mimi nachukua Bulgaria wewe chukua Romania, vuli tutaongea upya.” Huyo anajua cha kufanya, na akikugeuka utajua zamu hiyohiyo badala ya kuja kushtuka 1904. Ukiona mtu alikuwa anaandika kila siku ghafla anajibu “sawa sawa” tu, sogeza kikosi nyumbani.

Wapya wanapenda kumhofia aliye mbali. Kikulacho ki nguoni mwako, ukiwa Uingereza Mturuki hakuui leo wala kesho, anayekuua ni Mfaransa uliyemwachia ule mlango wa bahari kati yenu. Tena Mturuki akiwa mbali ndo rafiki mzuri, mwandikie, mpe habari za Urusi, zitakurudia.

Kumgeuka mwenzio kumo ndani ya gemu, ukisema hutadanganya mtu hata mara moja kacheze drafti. Ila kuna namna. Kumgeuka mtu kwa ajili ya kituo kimoja ni hasara, unabaki na adui mzima na faida ya kikosi kimoja. Subiri uone unachukua viwili au zaidi kwa mpigo na yeye vikosi vyake viko mbali, na fanya vuli, vituo vinahesabiwa baada ya vuli kwahiyo wewe unajenga na yeye anapunguza papo hapo, hana hata msimu wa kujipanga.

Na mkubaliane kitu kimoja kabla hamjaanza, skrinishoti marufuku. Maongezi yote yafanyike ndani ya gemu, sio WhatsApp, na asionyeshe mtu alichoandikiwa. Mtu akiruhusiwa kurusha picha ya meseji basi uongo umekwisha na gemu imekwisha, maana raha ni Urusi kuja kukwambia “Austria kasema hivi” na wewe hujui umwamini nani. Vilevile msichanganye na mambo ya nje, sijui nisapoti hapa ile hela ya wiki iliyopita nakusamehe, hapana.

Aliyebaki na kituo kimoja asikimbie. Huyo bado ana kikosi, na kikosi kimoja kikikaa pazuri kinamzuia mkubwa asifike 18, hapo wadogo wote mnaungana na mnaomba droo, waliobaki hai wanagawana. Gemu nyingi zinaishia hivyo na sio aibu. Ikiisha fungueni nyingine wiki hiyohiyo watu wakiwa bado wana hasira, acheni mtandao ugawe nchi wenyewe, na anayeangukia Austria mpeni pole, huyo ana kazi ya kuandika meseji kuliko wote.