Namna ya kuwalisha ng'ombe, mbuzi na kondoo malisho ya haidroponiki

Wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wanaofugia bandani, hasa wale wa pembezoni mwa miji ambako hata robo eka ya kupanda nyasi haipatikani, wamevutiwa na malisho ya haidroponiki, yaani nafaka inayooteshwa kwenye trei bila udongo na kuvunwa ikiwa na umri wa siku sita hadi nane. Maelezo ya namna ya kuotesha ni mengi. Yaliyo haba ni maelezo ya namna ya kulisha, na hapo ndipo mifugo hudhurika na fedha hupotea. Kwa hiyo mwongozo huu unashughulikia zaidi horini kuliko kitaluni, ingawa tutarudi kwenye mbegu na trei kila inapobidi, kwa kuwa usalama wa mnyama huanzia huko.

Jambo la kwanza la kuelewa ni hesabu ya kiasi kikavu, yaani chakula kinachobaki maji yote yakiondolewa. Kilo moja ya shayiri au mahindi ikitoa kilo 6 za malisho mabichi, mfugaji hajapata chakula mara sita, kwani sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Kiasi kikavu cha malisho haya huwa kati ya asilimia 12 na 18 hivi. Tukichukua asilimia 14, kilo 6 zitakuwa na gramu 840 za chakula kikavu, ilhali kilo ile ile ya nafaka, kabla ya kulowekwa, ilikuwa na gramu zipatazo 880. Chakula kimepungua kidogo, kwa sababu mche mchanga huunguza wanga wa punje ili uweze kuota. Asilimia ya protini huonekana kupanda kwa sababu hiyo hiyo: wanga umepungua, wala protini mpya haijaongezeka kwa kumwagilia maji matupu. Kinachopatikana kweli ni chakula laini kinachomeng'enywa kwa urahisi, chenye vitamini ambazo nyasi kavu za kiangazi huwa zimeshazipoteza, na ambacho mnyama hukila kwa hamu. Faida hizo ni halisi, lakini zinaonyesha kwamba malisho haya yanastahili kuchukua nafasi ya sehemu ya pumba, mashudu au chakula kingine cha nguvu, na si nafasi ya nyasi.

Ng'ombe wa maziwa mwenye kilo 400 huhitaji takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, ambazo ni kama asilimia 3 ya uzito wake. Kama angetakiwa kuzipata zote kwenye trei, angelazimika kula zaidi ya kilo 85 za malisho mabichi kila siku, kiasi ambacho tumbo lake halitakihimili na mfuko wa mfugaji hautakimudu. Ni busara kumpa kilo 10 hadi 12 kwa siku, ambazo humletea kilo moja na nusu hivi ya chakula kikavu, na sehemu kubwa iliyobaki itokane na hei, majani ya tembo, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa na lishe ya mikunde kama lusina. Mbuzi au kondoo wa kilo 30, anayehitaji karibu kilo moja ya chakula kikavu, atatoshwa na kilo moja hadi moja na nusu ya malisho haya. Ndama, wana-mbuzi na wana-kondoo ambao matumbo yao bado hayajazoea kucheua wasipewe kabisa. Maziwa, maji safi na nyasi laini kavu vinawatosha katika umri huo.

Sasa tugeukie mbegu, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Mbegu za kupanda shambani zinazouzwa katika maduka ya pembejeo, ambazo aghalabu hupakwa rangi nyekundu, kijani au zambarau, zimewekwa dawa za kuua wadudu na ukungu, na kuziosha hakuziondolei sumu. Nunua nafaka ya chakula isiyotiwa dawa yoyote, ya msimu wa karibuni, isiyobunguliwa na iliyokaushwa vizuri. Shayiri, ngano na mahindi yanafaa. Mtama haufai: mche wake mchanga huwa na kemikali inayogeuka kuwa sianidi ndani ya tumbo la mnyama, na ng'ombe aliyekula kwa wingi anaweza kufa katika muda mfupi sana. Huwa nasikitika ninapoona mtama ukipendekezwa kwa sababu tu ya bei yake nafuu.

Adui mwingine ni ukungu, na joto na unyevu vinavyohitajika kuotesha nafaka ndivyo huustawisha. Mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, yaliwahi kuua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na ng'ombe anayekula sumu hiyo huipitisha kwenye maziwa ikiwa katika umbo jingine ambalo kuchemsha hakuliondoi. Kuna pia ukungu unaopenda nafaka iliyochipua, unaoitwa kitaalamu Aspergillus clavatus, ambao umewahi kuua ng'ombe na kondoo katika nchi kama Afrika Kusini na Australia; mnyama hutetemeka, miguu ya nyuma hulegea, kisha hushindwa kusimama. Ili kuukinga, punje zinazoelea zitupwe, zilizobaki ziloweshwe kwa nusu saa katika maji yenye dawa ya klorini ya nyumbani, kiasi cha mililita 25 kwa lita moja ya maji, zisuuzwe mpaka harufu iishe, na ndipo zilowekwe kwa saa 12 hadi 24 katika maji safi. Zitandazwe kwenye trei kwa unene usiozidi sentimita moja, katika banda lenye hewa na joto la nyuzi 18 hadi 24, na maji yapate njia ya kutoka chini. Trei zisuguliwe na kukaushwa juani kila baada ya mavuno.

Kabla ya kulisha, kila trei ikaguliwe peke yake. Nyanyua mkeka wa mizizi na kuupindua. Mizizi inapaswa kuwa myeupe, iliyosukana vizuri, yenye harufu ya majani mabichi. Kukiwa na ute, harufu ya uchachu au ya kuoza, au vumbi la rangi ya kijivu, buluu au nyeusi katikati ya punje, trei nzima itupwe mahali ambapo hata kuku hawatafika. Kukata sehemu mbaya na kulisha iliyobaki ni hatari, kwa sababu sumu hutangulia kuenea kabla jicho halijauona ukungu. Punje ambazo hazikuota nazo zichunguzwe, kwa kuwa uozo huanzia hapo mara nyingi.

Mkeka ulio salama huliwa wote: majani, mizizi na mabaki ya punje. Uchanwe kwa mikono vipande vya ukubwa wa kiganja, kwa sababu mnyama akipewa mkeka mzima huuburuta na kuukanyaga. Wape kwanza nyasi kavu, kisha vipande hivyo vichanganywe na mabua au hei iliyokatwa, nusu asubuhi na nusu jioni. Anza na robo ya kiasi kinachokusudiwa na uongeze kidogo kidogo kwa muda wa siku 10 hadi 14, huku ukipunguza chakula cha nguvu kwa kulinganisha kiasi kikavu. Masalia yaondolewe siku hiyo hiyo, maana huchacha upesi kwenye joto. Mnyama anaweza kunywa maji kidogo kuliko kawaida, lakini ndoo isiondolewe.

Mbuzi na kondoo wana mambo yao. Mbuzi hukataa chakula kilichoangukia kinyesi, hivyo hori liinuliwe na liwe na uwazi wa kupitisha kichwa tu. Kondoo hudhurika upesi na madini ya shaba. Mrututu, ambao una shaba, usitumike kusafishia trei zao, wala wasipewe mchanganyiko wa madini uliotengenezewa ng'ombe. Malisho ya nafaka yana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mabeberu na madume waliohasiwa wakiyala bila marekebisho hupata vijiwe katika njia ya mkojo; chokaa ya mifugo na majani ya mikunde husaidia kurudisha uwiano. Kundi lichanjwe pia dhidi ya sumu za bakteria wa utumbo ambazo huua ghafla chakula chenye wanga au sukari kinapoongezwa kwa pupa. Afisa mifugo wa eneo atashauri chanjo inayopatikana.

Kila siku mfugaji aangalie kinyesi. Cha ng'ombe kikiwa chepesi kama maji, au cha mbuzi kikipoteza umbo la vidonge, nyasi kavu ziongezwe na malisho mabichi yapunguzwe. Ng'ombe waliolala wakati wa mapumziko wanapaswa kuonekana wakicheua, angalau nusu yao. Ubavu wa kushoto ukivimba, mnyama akitetemeka, akiyumba au akiacha kula, malisho yasimamishwe kwa kundi zima mara moja, sampuli ya trei ihifadhiwe kwenye mfuko safi mahali pa baridi kwa ajili ya uchunguzi, daktari wa mifugo aitwe, na maziwa ya wanyama hao yasiuzwe wala kunywewa nyumbani mpaka yeye atakaporuhusu.