SOMO: Kununua graniti ya kaunta ya jikoni (soma kwanza, ndipo uulize)

Wiki hii nimeulizwa mara nne. Naandika mara moja, nipumzike.

1. Pima kaunta. Upana wa kawaida ni sentimita 60.

2. Unene: kama chini kuna zege, milimita 20 inatosha. Juu ya makabati matupu chukua 30.

3. Nenda yadi mwenyewe, mchana, ulione jiwe zima. Kipande cha sampuli hakionyeshi mishipa yake. Limwagie maji, usubiri dakika kumi. Pakibaki doa la giza, linakunywa maji, litahitaji kupakwa sila, dawa ya kuzuia jiwe lisinywe maji. Jiwe jeusi tii lipanguse kwa kitambaa cheupe chenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Kitambaa kikiwa cheusi, umeuziwa rangi.

4. Sinki inunuliwe kwanza. Tundu hukatwa kwa kufuata sinki yenyewe, si picha ya simu.

5. Usafiri. Hapa ndipo nilipolia. Langu lilitobolewa yadi, vijana wakalilaza chali kwenye Kirikuu, na njia ya kwetu ni mashimo matupu. Kulishusha, ule ukanda wa mbele ya sinki, vidole vinne tu, umepasuka kushoto na kulia. Yadi wakasema limetoka zima, na kweli nilikuwa nimeshasaini. Nikanunua jingine. Jiwe lisafiri limesimama kwa ubavu, limeegemezwa na kufungwa. HATA MIKONONI libebwe limesimama, lisibebwe kama sinia. Ukiweza, tundu likatwe nyumbani, kwa grainda ya maji na barakoa. Vumbi lake linaua mapafu.

6. Ziba kwa silikoni pale kaunta inapokutana na ukuta. Basi.

MASWALI

Babu Kijiko: Bei gani?
— Ya jiwe gani, unene gani, mita ngapi? Rudi namba 1.

Mzee wa Site: Hapo kosa ni fundi wako, si barabara.
— Fundi hakuwepo, mkuu. Nilisimamia mwenyewe, na nimesema hivyo hivyo.

Mama Pacha: Samahani, nasikia ndimu inaharibu. Ni kweli?
— Swali zuri, dada. Ndimu hula marumaru, maana ni kalsiamu kaboneti. Graniti ni kwatzi na feldispa, haijali. Kwa hiyo ukiwa yadi kamulia ndimu kwenye pembe ya kipande cha kutupwa: paking'oka mng'ao, hiyo si graniti. Ila mengi meusi yanayoitwa graniti ni gabro, jiwe la aina nyingine, na ni magumu vilevile. Hata Black Galaxy ya India, ile yenye vinyota, iko kundi hilo.

Mama Pacha: Asante sana. Na manjano je? Mimi ni mtu wa pilau na mchuzi.
— Basi jeupe liache. Doa likishaingia, kanda magadi soda na haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, paka, funika na nailoni hadi kesho yake.

Jiko la Pwani: Chapati sukumia juu yake moja kwa moja, baridi yake hufanya unga usinate. Mbuzi wa nazi tu ndiye abaki chini.