Jinsi ya kuwauliza wazee wa Tabora kuhusu enzi za Sokoine mpaka upate kitu cha maana

Kama nyumbani au mtaani hapa Tabora kuna mzee aliyekuwa mtu mzima miaka ya themanini, muulize mapema kuhusu Edward Sokoine, yule Waziri Mkuu wa enzi za Nyerere, hawa watu wanaondoka. Ila usianze na "eti babu, Sokoine alikuwaje?" Utajibiwa alikuwa mchapakazi, hakupenda rushwa, angekuwepo nchi ingekuwa mbali, basi, stori imeisha na hujapata kitu ambacho hukukijua.

Kabla hujaenda panga miaka kichwani, hapa ndo wengi wanapokwama. Sokoine alikuwa Waziri Mkuu mara mbili na vipindi vyenyewe havifanani kabisa. Cha kwanza ni Februari 1977 mpaka Novemba 1980, yani Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika, mpaka wa Kenya unafungwa, Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin wa Uganda linaingia Kagera, Aprili 1979 Kampala inaanguka, vita imeshakomba pesa za kigeni halafu mafuta nayo yanapanda bei baada ya mapinduzi ya Iran, mpaka Mwalimu Nyerere anaomba watu wafunge mikanda miezi 18. Akaja Cleopa Msuya. Sokoine akarudi Februari 1983 mpaka ajali ya gari iliyomuua Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Kwa hiyo mzee akisema "enzi za Sokoine tulikosa sabuni" inawezekana kabisa anaongelea 1981, wakati Sokoine hayupo kwenye kile kiti.

Ukishamwamkia na kukaa, anza na jioni ile Mwalimu alipotangaza msiba redioni. Karibu kila mtu anakumbuka alikuwa wapi, na ukishaipata hiyo rudi nyuma naye polepole, kila jambo analolitaja muulize: je, hilo lilikuwa kabla ya vita au baada? Mtoto wako wa kwanza alikuwa ameshazaliwa?

Halafu uliza vitu, siasa iache kwanza. Ule unga wa njano mlikuwa mnaupataje, nani alikuwa anaandika majina kwenye duka la ushirika, sabuni ikikosekana mlifulia nini, nguo ya sikukuu ilitoka wapi. Hapa kaa na bibi kuliko babu, maana kwenye foleni walisimama akina mama na watoto, na bibi atakutajia hadi jirani aliyekuwa anamshikia nafasi.

Tabora tuna bahati nyingine, reli. Hapa ndo njia panda, mkono mmoja unaenda Kigoma mwingine Mwanza, na waliokuwa wafanyakazi wa reli ya Afrika Mashariki walijikuta 1977 wako chini ya TRC, shirika la reli la Tanzania. Ukimpata mstaafu wa reli muulize vipuri vilikuwa vinatoka wapi kabla na baada, na umwombe kwa heshima akuonyeshe kitambulisho au barua zake za kazi, karatasi zina tarehe na tarehe inamkumbusha mengi kuliko swali lako. Vita pia usiiache, nani mtaani alienda Kagera, mwanajeshi au mgambo, na nyumbani walibaki wanakula nini.

Sasa 1983. Hii usiiruke eti kwa sababu unampenda Sokoine, mi mwenyewe nampenda sana. Ilikuwa ni msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, watu walikamatwa, wengine wakatupa mali usiku kwa kuogopa, na sheria ya mwaka ule iliwapeleka washtakiwa kwenye mahakama maalum bila wakili. Kuna waliofurahi kuona sukari iliyofichwa inatolewa, na kuna familia zilizofilisika, na zote mbili bado zinaishi mji huuhuu. Hayo muulize mtu akiwa peke yake, asiwepo mgeni, na akisema hilo tuliache, liache. Majina ya waliokamatwa usiyaandike popote.

Kurekodi omba ruhusa kwanza. Ukifika nyumbani sikiliza siku hiyohiyo, kila jambo liandikie mwaka pembeni, usipokuwa na uhakika weka alama ya kuuliza, na kama maelezo ya babu na bibi yanagongana andika yote, kisha rudi ukawasomee kabla hujampa mtu mwingine.